Siku Ng'ombe Walipoilamba Bahari ya Chumvi

Vijana wa maktaba mliobaki kazini, siku ile mliyoniaga mliniomba niseme machache. Nikasema "asanteni", nikaketi. Wengine mlidhani nimeugua. Sikuugua. Sijawahi kuzungumza vizuri nikiwa nimesimama mbele za watu. Shule yangu iliishia darasa la saba na mkono wangu huandika polepole, kwa hiyo niliyotaka kuwaambia siku ile yamenichukua tangu maharage yalipopandwa, na sasa maharage yamekwisha kuliwa.

Sitaandika habari za vyeo, maana vilikuwa vichache na mnavijua. Wala za mshahara, maana huo mnaujua zaidi. Nitaandika habari za kabati la kwanza nililokabidhiwa, katika kijiji kimoja cha kata ya Runazi, wakati wa ujamaa, na jinsi lilivyokaribia kuniponyoka mwaka wa vita ya Kagera.

Nilifika Runazi nikitokea kwetu Kanazi, wilaya ya Ngara, juu ya lori la pamba lililonishusha njiani na mkeka wangu. Aliyenipokea ni Mwalimu Sebastiani, Mhangaza mwenzangu, mwalimu wa elimu ya watu wazima. Zamani alikuwa katekista, na bado alikuwa na sauti ya kuamsha waliosinzia benchi la nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Anatoli. Mbona unatazama chini, umedondosha kitu?"

"Hapana, Mwalimu. Nawaogopa watu."

"Basi umekuja mahali pabaya. Vitabu hapa ni arobaini na kitu. Watu ni mamia."

Maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja la mbao la milango miwili, kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji. Miguu yake minne ilisimama ndani ya makopo yaliyojaa majivu na oili chafu, ili mchwa wasipande. Mwalimu alinikabidhi ufunguo, daftari la waazimaji, beseni la maji na kipande cha sabuni. Beseni lilikuwa na sheria yake: hakuna anayegusa kitabu kabla ya kunawa, hata mwenyekiti, maana watu walitoka moja kwa moja shamba la kijiji na udongo wa muhogo ulikuwa bado kwenye vidole. Alinifundisha pia kutengeneza gundi ya unga wa muhogo, na kuitia maji ya majani ya utupa, mende wasije wakala gundi kisha wakamalizia na kitabu. Majalada tulishona kwa karatasi za mifuko ya saruji. Ninyi sasa mna gundi ya kopo. Haijawahi kushika kama ile ya muhogo.

Kazi yangu ilikuwa moja. Watu wazima wa kijiji walikuwa wamepita mtihani wa kisomo, wakapewa vyeti, wakavitundika ukutani, na sasa herufi zilikuwa zinawatoka kichwani moja moja. Nilitakiwa kila siku saa tisa alasiri kuwasomea kwa sauti, kisha kuwaazima vitabu, ili wasirudi kwenye kutia dole gumba.

Nilianza na kitabu cha kilimo bora cha mahindi. Waliokuja walikuwa wanne, pamoja na mbuzi. Niliuficha uso nyuma ya kitabu nikawasomea Wasukuma na Wasubi jinsi ya kupanda mahindi, watu ambao walikuwa wameyapanda asubuhi ile ile. Waliniheshimu, hawakucheka. Kesho yake walikuja watatu, na mbuzi hakurudi. Nilijaribu kitabu cha kuchimba choo. Akaja mmoja, kuuliza kama nimeliona jembe lake.

Wiki ya tatu, nikitafuta kitabu cha ufugaji wa kuku, niliona nyuma ya rafu kitabu kisicho na jalada. Kilianzia ukurasa wa tisa. Jina lake sikulijua siku ile na silijui hadi leo. Kilikuwa kitabu cha maajabu ya dunia, na si maajabu ya mashetani wala ya hadithi, bali ya mahali palipopo kweli na mambo yanayotokea kweli. Ukurasa wa tisa ulianza katikati ya sentensi, ukasema kwamba katika nchi za kaskazini kabisa uko wakati wa mwaka ambapo jua halitui. Linazunguka tu pembeni mwa anga, na watu wanafunga mapazia mazito ili walale.

Nikawasomea waliokuwapo.

"Rudia," akasema mtu kutoka nyuma ya bega langu.

Huyo alikuwa Bibi Kabula. Alikuwa mjane wa Kisukuma aliyehamia kwetu kutoka upande wa Shinyanga, na ng'ombe wake thelathini na ubishi wake wote. Kila siku aliweka kigoda chake hapo hapo, nyuma ya bega langu, ambapo alisema pana kivuli. Nitayaandika maneno yake kwa herufi za shuleni, ingawa kinywani mwake r ilikuwa mgeni aliyepita mara chache.

"Jua halitui, Bibi."

"Kuku wanalala saa ngapi?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi aliyekiandika hana kuku. Na mtu asiye na kuku usimsikilize habari za jua."

Watu wakacheka. Nikajificha zaidi. Lakini kesho yake walikuja arobaini.

Sijui niwaelezeje alasiri zile. Nilikuwa nasoma sentensi moja kwa Kiswahili, kisha nangoja. Wenye Kiswahili walicheka kwanza. Kisha wakawanong'oneza jirani zao kwa Kisubi, na kicheko cha pili kikaja. Kisha Kisukuma, cha tatu. Cha nne kilitoka kwa wale waliocheka kwa sababu wenzao wanacheka, na hicho ndicho kilikuwa kikubwa. Ukurasa mmoja uliweza kula saa nzima.

Niliwasomea habari za mji wa jangwani ambako joto limewashinda watu wakachimba nyumba chini ya ardhi, na kanisa wakalichimba huko huko. Mwalimu Sebastiani akauliza kengele yake wameitundika wapi. Niliwasomea habari za ziwa moja la mbali ambapo radi hupiga karibu kila usiku mahali pale pale. "Hapo pana deni," akasema mzee mmoja, "mtu amekataa kulipa mahari." Niliwasomea habari za nchi iliyo chini kuliko bahari, iliyojikinga kwa kuta. Nikawasomea hata za kwetu Tanzania: jiwe la chuma lililoanguka Mbozi kutoka angani, na ule mchanga mweusi karibu na Ngorongoro, unaohama polepole mwaka hadi mwaka bila kutawanyika.

"Unahama?" akauliza mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Luhende. "Nani ameuamuru?"

Swali hilo lilipata kicheko cha namna ya pekee, maana yeye na wote waliomsikia walikuwa wamehamishwa juzi juzi tu, na nguzo za nyumba zao mgongoni.

Siku iliyonipa imani ya watu ilikuwa siku ya samaki. Kitabu kilisema kuna samaki wa ajabu sana katika Afrika, mwenye mapafu, ambaye maji yakikauka hujizika matopeni akalala miezi mingi bila kufa. Nilisoma, nikangoja ubishi.

"Kamongo," akasema Bibi Kabula.

"Eeh, kamongo," wakasema Wasubi.

"Kamongo huyu huyu wa kwenye mbuga? Ndiye ajabu ya dunia?" Bibi Kabula alikuwa amesimama. "Mimi nimemla ajabu ya dunia na ugali wa mtama tangu sina meno!"

Watu walianguka kwenye vumbi. Wakakumbatiana. Mzee mmoja alijipiga kifua akitangaza kwamba baba yake aliwahi kuuza maajabu ya dunia sokoni kwa mafungu. Tangu siku ile walifikiri hivi: kama wazungu wanamshangaa kamongo, na kamongo ni kweli, basi huenda na jua lao ni kweli, ila wao wamelizoea.

Huenda tu. Wasukuma wana desturi ya mashindano ya ngoma: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kila moja likivuta watazamaji, na lenye umati mkubwa ndilo lililoshinda. Waliileta desturi hiyo kwenye kabati langu. Baada ya kusoma, wanaosadiki walisimama upande wa kabati na wabishi upande wa mlingoti wa bendera. Kila upande ukaimba na kuruka ili kuwavuta wale wa katikati. Upande uliopungukiwa watu uliteka maji ya shule kesho yake. Bibi Kabula ndiye aliyekuwa manju, mwongoza ngoma wa wabishi, na mara nyingi alishinda. Ninakiri kwamba wako waliosadiki jiwe la Mbozi kwa kuogopa ndoo.

Ndipo vita ikaja. Redio ya mwenyekiti ilitangaza kwamba adui amevuka mpaka kaskazini mwa mkoa wetu. Vijana wa mgambo waliitwa, malori yakachukuliwa kupeleka askari na chakula, na duka la kijiji likabaki na viberiti na muuzaji. Sabuni ilikwisha. Chumvi ilikwisha kabla ya sabuni. Kila mkutano Ndugu Luhende alirudia agizo: uvumi ni adui, anayeeneza uvumi anamsaidia adui.

Tuliendelea kusoma, na nilidhani tunafanya vizuri kuwachangamsha watu. Sikujua kwamba maajabu yangu yalikuwa yanasafiri kwa miguu. Yalipofika kijiji jirani cha Nyarubungo yalikuwa yamebadilika sana. Huko ilisemwa kwamba adui ameleta jua lisilotua, ili ndege zake ziwaone watu mchana na usiku, na kwamba Runazi wamekwisha kuanza kuhamia chini ya ardhi. Familia mbili za Nyarubungo zikachimba mashimo. Wakaingiza mbuzi kwanza, kuona kama panakalika. Mbuzi walilia hadi viongozi wakaja, viongozi wakauliza, na majibu yote yakaelekeza kidole kwenye kabati langu.

Barua ilikuja kutoka wilayani ikiwa imepigwa chapa. Ilisema mkaguzi wa elimu atafika siku ya Alhamisi. Kama nitashindwa kuonyesha kwamba yanayosomwa ni kweli, na kwamba watu wanafaidika kwayo, kabati litahamishwa, nami nitarudi kwetu na maelezo yangu yatachukuliwa na vyombo vinavyohusika. Niliisoma mara nyingi. Neno "vyombo" nililisoma zaidi.

Nilimpelekea Mwalimu Sebastiani.

"Nitasema nini, Mwalimu?"

"Wewe? Hutasema kitu, tunakujua. Utaonyesha." Akafikiri. "Kitabuni mna Bahari ya Chumvi, sivyo? Ile ambayo mtu hazami?"

"Imo."

"Maandiko nayo yanaitaja. Sasa, yai bichi likiwekwa kwenye maji ya kawaida huzama. Tia chumvi nyingi, litaelea. Nimeliona kwa macho yangu tukipika misheni. Tutengeneze bahari hapa uwanjani, mkaguzi aione."

"Chumvi itoke wapi, Mwalimu? Kijiji kizima hakina chumvi."

Mwalimu alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyesikiliza maungamo ya watu wengi.

Asubuhi ya Alhamisi Ndugu Luhende aligonga kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu, akaueleza mkutano kwamba kabati linaondoka kama bahari haitapatikana, na akaomba kila kaya ilete chumvi kijiko kimoja. "Najua hakuna mwenye chumvi," akasema. "Kwa hiyo leteni hiyo ambayo hamna."

Watu wakatazamana. Mama mmoja akaenda nyumbani, akarudi na kifundo cha kanga. Kisha wakaenda wote. Jamani, chumvi iliyokuwa haipo Runazi ilitoka ndani ya vibuyu, ndani ya soksi, ndani ya taa mbovu, chini ya kuku aliyelalia mayai. Mume mmoja alileta yake na mke wake akaleta yake, wakakutana hapo mbele ya sufuria ya kukusanyia.

"Kumbe unayo!"

"Kumbe na wewe!"

"Wiki tatu nakula mlenda kama dawa!"

"Na mimi nani anapika huo mlenda? Nao nauonja!"

Tulitaka kutumia chungu, lakini mdomo wa chungu unatosha vichwa vinne, na kijiji kizima kilitaka kuiona bahari. Ndugu Luhende akaamua iletwe hori ya Bibi Kabula, ile ndefu ya gogo lililochongwa. Wanaume sita waliibeba kutoka zizini wakaiweka mbele ya mlingoti. Hapo ndipo tulipokosea, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona kosa, ingawa nusu yetu walikuwa wafugaji tangu kuzaliwa. Ilikuwa ndiyo hori ambamo Bibi Kabula aliwapa ng'ombe wake chumvi enzi chumvi ilipokuwepo.

Tukamimina debe la maji. Nikaweka yai. Likazama, likalala chini kama jiwe.

"Limelala," akasema Bibi Kabula, "na mimi naenda kulala."

Tukatia chumvi, tukakoroga kwa mwiko wa pombe. Yai likabaki chini. Tukatia tena. Likasimama wima, makalio chini. "Linafikiri!" watoto wakapiga kelele. Tukatia yote. Yai likatikisika, likaachia chini, likapanda. Likatoa kipara chake juu ya maji, cheupe, kikubwa kama senti.

Mimi nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeoa, nimezaa, nimeona mambo. Sijaona tena watu wakifurahi vile. Walipiga vigelegele. Walimbeba Mwalimu Sebastiani. Mwenyekiti aliondoa kofia, akalisalimu yai. Kila mtu alipita kulizamisha kwa kidole, likarudi juu, wakapiga yowe upya. Bibi Kabula alikuja wa mwisho. Alilizamisha mara tatu. Akaonja maji. Akatema.

"Sawa," akasema. "Yai ndiyo. Mtu bado."

Tukangoja mkaguzi. Saa nne, saa tano. Gari la ofisi lilikuwa limekwenda vitani pamoja na mengine, kwa hiyo alikuwa anakuja kwa baiskeli, na baiskeli ilipata pancha njiani. Saa sita jua likawa kali, watu wakasogea vivulini kungoja, na bahari ikabaki peke yake uwanjani na mimi mlinzi wake.

Saa sita ndiyo saa ambayo ng'ombe wa Bibi Kabula hupita kwenda kisimani. Mbele alikuwa dume jeusi aliyeitwa Bwana Shauri, kama mkuu wa wilaya wa kikoloni, kwa sababu ya shingo yake na jinsi alivyotembea. Bwana Shauri alifika usawa wa ofisi akasimama. Akainua pua. Akaiona hori yake. Nadhani alikuwa ameiota kwa muda mrefu.

Niliinua mikono. Nilisema, "Hapana." Nimewaambia kwamba sizungumzi vizuri nikiwa nimesimama.

Ng'ombe thelathini waliingia kwenye Bahari ya Chumvi. Walisukumana, wakapandiana, hori ikapinduka, na maji yalipomwagika wakaanza kulamba ardhi, wakalamba hori, wakalamba mlingoti, na mmoja akanilamba mimi kutoka kiwiko hadi sikio, maana nilikuwa nimekoroga. Watu walikuja mbio wakipiga kelele, lakini walipofika na kuniona katikati, miguu iliwaishia. Walikaa chini wakacheka hadi wengine wakashika mbavu na kuomba msaada.

Mkaguzi alifika hapo hapo, akisukuma baiskeli. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo," nikasema, nikiwa bado nalambwa.

"Marahaba. Namtafuta mtunza maktaba."

"Ni mimi, mzee."

"Uthibitisho uko wapi?"

"Wameulamba."

"Nani?"

"Ng'ombe, mzee."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena. Ng'ombe walikuwa bado wapo. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akatoa kalamu na karatasi, akauliza kwa upole kabisa kama kuna aliyeona kitu chochote kikielea. Mikono yote ya kijiji ikapanda. Akasema mikono si uthibitisho. Hata Nyarubungo mikono ilipanda. Kicheko kikakatika. Nikaona kalamu yake inaanza kwenda, na niliweza kusoma kichwa chini, ni ujuzi wa kazi hii: "Kabati lihamishwe."

"Ni ng'ombe wake!" mtu akapaza sauti, akimwelekeza Bibi Kabula. "Mbishi mkubwa! Ameshindwa na yai, akaleta ng'ombe!"

"Ametufanyia makusudi!"

"Chumvi yetu!"

Bibi Kabula aliinuka kutoka kwenye kigoda chake. Aliondoka pale akapita mbele ya wote. Alikwenda kwenye beseni. Akanawa mikono polepole, akaikausha kwenye kanga, akafungua kabati, akatoa kile kitabu kisicho na jalada, akakifungua moja kwa moja mahali anapopataka.

"Ndugu Mkaguzi," akasema, "mimi nabisha mchana, kila mtu ananiona. Sitegi ng'ombe. Sikiliza."

Na akasoma. Nilijua kwamba ana cheti cha kisomo ukutani kama wengine, na niliamini kwamba kwake, kama kwa wengine, kimebaki cheti tu. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akipumzika kwenye nukta kama mtu aliyepandisha kilima na mzigo. "Ba-hari hii ina chu-mvi nyingi. Hakuna sa-maki. Mtu a-ki-lala juu ya maji, ha-zami." Mkaguzi aliacha kalamu. Hata Bwana Shauri, nadhani, aliacha kulamba.

"Mama," akasema mkaguzi, "umejifunzia wapi kusoma hivi?"

"Hapa. Nyuma ya bega la huyu kijana."

"Alikufundisha?"

"Hajui lolote. Nilikuwa namfuatilia kwa macho, mstari kwa mstari, nimkamate akitudanganya. Jua halitui! Nani angekubali bila kukagua? Mwanzo nilikuwa naona neno moja moja. Baadaye nikawa nafika mwisho wa ukurasa kabla yake. Anasoma polepole sana."

"Na umemkamata?"

"Mara moja."

Mkaguzi akaishika tena kalamu.

"Aliongeza nini?"

"Hakuongeza. Alipunguza. Hapa hapa kwenye Bahari ya Chumvi aliruka mistari miwili, na masikio yakamwiva kama pilipili. Niisome?"

"Bibi," nikasema, "tafadhali."

"Isome," akasema mkaguzi.

Akaisoma, kidole kikitembea, kwa sauti iliyofika hadi kisimani. "Wa-geni wengi hu-ja kuoga hapo, wa-naume kwa wa-nawake, wa-kiwa wamevaa vi-nguo vidogo sana, na hu-jipaka ma-tope meusi mwili mzima, wa-kaanikwa juani pamoja."

Sikuona kilichofuata kwa sababu nilikuwa nimeingia nyuma ya mlango wa kabati. Lakini nilisikia. Nilimsikia Mwalimu Sebastiani akisema "Yesu na Maria" kisha akipasuka. Nilimsikia mwenyekiti akiomba utulivu kwa sauti ya mtu anayelia. Na katikati ya yote nilisikia kicheko chembamba nisichokifahamu, cha kukwaruza kama bawaba kavu, nikachungulia. Alikuwa mkaguzi. Miwani ilikuwa mkononi na machozi yalikuwa yamechora mistari miwili kwenye vumbi la uso wake.

Alipotulia alikunja ile karatasi katikati, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Akachukua karatasi nyingine akaandika kwamba kabati libaki, mtunzaji abaki, na asiruke mistari. Hilo la mwisho ndilo agizo pekee la ofisi ambalo nimelitii miaka yangu yote.

Alipanda baiskeli yake saa tisa. Saa tisa na nusu, nilipokwisha kuoga kuondoa chumvi na mate ya ng'ombe na kurudi kibarazani, nilikuta watu wamesimama kwenye mstari tangu beseni hadi barabarani, wanawake na wanaume, mikono imenawiwa na kuinuliwa juu ikauke. Wote walitaka ukurasa ule, na kila mmoja alitaka ausome mwenyewe. Bibi Kabula alikuwa ameketi kwenye kiti changu, daftari la waazimaji magotini, anaandika jina la wa kwanza.

"Panga mstari, Anatoli," akaniambia bila kuinua kichwa. "Wewe ni wa ishirini na sita."